Manesi wa Ndiva ya Juu

Niseme mapema kwamba nimechoka, ili mtu asije akanilaumu kwa jinsi ninavyosimulia. Magoti yamechoka, macho yamechoka, na hata ile hamu ya kubishana na vijana wenye shahada imeniisha. Kwa hiyo Daktari Ngassa aliponigongea saa kumi na mbili asubuhi tupande chemchemini kwa mara ya tatu wiki ile, sikubishana. Nilivaa buti, nikachukua fimbo yangu, nikapanda.

Daktari ni binti wa miaka ishirini na tisa, mtu wa Mwanza, ametumwa na Mamlaka ya Viumbe Wageni. Mlima wetu huu wa Upare anaupanda kama anakwenda sokoni. Mimi nilipomfikia juu nilikuta ameshapiga magoti kwenye majani, amechovya kijiti chake majini.

Kijiti hicho kinasoma maji. Kila kiumbe kinachoogelea huacha kitu nyuma yake, ngozi, mate, kinyesi, na kijiti kinavitambua hivyo na kukuambia ni nani kapita na wako wangapi. Zamani kazi hiyo niliifanya mimi, kifudifudi kwenye matope, kwa macho haya haya. Siku hizi unachovya kama unayeonja mchuzi, unangoja dakika nne.

"Vyura?" niliuliza.

"Kumi na mmoja, mama."

Juzi walikuwa kumi na wanne. Ni vyura wadogo, mtu mzima wao hafiki ukubwa wa kucha ya dole gumba, na duniani kote hawapo isipokuwa kwenye chemchemi ile.

"Na manesi?"

Daktari alifuta kijiti kwa shati lake, jambo ambalo huwa ananikataza mimi. "Mmoja. Labda wawili. Wamefika, mama Nietiwe."

Sikuhitaji kijiti. Nilishamwona. Alikuwa amejilaza chini ya jiwe, mweupe wa kuelekea waridi, mwili laini kama ulimi, mashungi mekundu yakipepea pande mbili za shingo. Vitabu vinamwita salamanda. Mjusi si mjusi, samaki si samaki, na katika milima yetu Mungu hakuwahi kumweka. Huku kijijini walimwita nesi tangu siku ya kwanza, kwa weupe wake na kwa vile anavyotembea taratibu bila haraka ya mtu, na kwa sababu alikuja kutuponya.

Nikamshika kwa mkono mmoja. Hawakimbii. Hawajawahi kuwa na sababu ya kukimbia huku.

"Nilikuleta mimi," nikamwambia. "Arobaini mlikuwa, kwenye sanduku la barafu, nimewapakata mapajani kutoka Arusha."

Hiyo ni miaka ishirini na miwili iliyopita. Mwaka ule dawa zote za malaria zilikuwa zimechoka. Ulimeza, vimelea vikakuangalia tu. Katika masika moja wifi yangu Eliwaza, dada wa marehemu mume wangu, alizika wawili, Mbonea wa miaka minne na Elinami wa miwili. Yule mdogo alifia mikononi mwangu kwa sababu mama yake alikuwa bado makaburini akimzika mkubwa. Mimi wakati huo nilikuwa mhudumu wa maabara mjini, na maabara yetu ilikuwa imeunda salamanda anayevumilia maji ya uvuguvugu na kula viluwiluwi vya mbu mia tatu kwa siku. Walikuwa wanatafuta mahali pa kumjaribia. Niliandika barua tatu. Nikasema leteni kwetu, kwenye ndiva yetu, bwawa la kumwagilia mashamba.

Na ilifanya kazi. Watu wanaowalaani manesi leo huwa wanasahau kusema hilo. Hatujazika mtoto wa malaria tangu mwaka ule.

"Mvua za vuli zinaanza baada ya siku kumi," Daktari akasema. "Mvua ikinyesha watatembea. Wakivuka huu mgongo wa mlima wakaingia mito ya upande wa pili, hakuna wa kuwarudisha tena." Alikuwa ameshika kifuani ile chupa yake ya bati yenye kikomo, dawa ya kuwamaliza manesi aliyotumwa nayo, na alionekana mtoto kabisa. "Kikomo kinadumu siku tatu tu kikishayeyushwa. Nimekiyeyusha jana."

"Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema tungoje."

Ningesema hivyo, ni kweli. Nikamrudisha nesi majini, kisha nikamtoa tena nikamtia kwenye mfuko, maana chini ya jiwe lile kulikuwa na mayai ya chura.

*

Sasa, wa chemchemini tungewaokota kwa mkono, lakini kikomo cha hao wengine hakimwagwi popote tu. Kinatakiwa kianzie ndiva ya juu, lile bwawa la mawe na udongo ambalo babu wa ukoo wa mume wangu walilijenga, maji ya mlima yanajaa humo usiku na kufunguliwa mchana yashuke kwa mifereji hadi ndiva nyingine kumi na nane chini. Na kizibo cha ndiva ya juu kinavutwa na mkono mmoja tu. Serikali yenyewe iliandika hivyo kwenye sheria ya maji, baada ya kuona kwamba kila alipovuta mtu mwingine watu waligombana. Mkono huo ni wa wifi yangu Eliwaza.

Tulimkuta barazani anachambua maharage.

"Shikamoo mama," Daktari akasema.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Wifi, mbona umepauka hivyo? Umekuwa nesi na wewe?"

"Nimetoka juu."

"Kila siku juu, juu. Utaacha mguu huko." Akasogeza ungo tukakaa.

Dirisha lilikuwa wazi, na ndani ya dirisha, kitandani, alilala Navoneiwa, binti yake, aliyezaliwa mwaka ule ule wa manesi. Mimba ya miezi saba. Zilizotangulia zilikuwa nne na zote ziliharibika, kwa hiyo safari hii hospitalini walimshona mlango wa kizazi, wakamwambia alale tu nyumbani, wakamkataza gari kwenye barabara yetu ya mawe. Alitupungia mkono bila kuinua kichwa.

Daktari akaeleza. Alieleza vizuri, simnyimi haki yake. Alisema juu ya vyura kumi na mmoja, akasema na juu ya maji, maana alijua wifi yangu atasikia habari ya maji. Manesi hawakuishia kwenye mbu. Walikula viluwiluwi vya vyura, na hao ndio waliokuwa wakikwangua ukoga wa kijani kwenye mawe. Wakala na minyoo na konokono waliokuwa wakimaliza majani yanayooza. Sasa ukoga unakua mnene kama shuka, unaziba mifereji. Msaragambo, ile siku ya kijiji kizima kutoka kusafisha ndiva, zamani ilikuwa mara moja kwa mwaka. Siku hizi ni kila wiki, na watu wamechoka, wanakuja nusu.

"Watu wa Isenye, kule ndiva ya chini, hawajapata zamu yao ya maji siku nane," Daktari akasema. "Mahindi yao yanajikunja."

"Najua. Zamu nazigawa mimi." Eliwaza akatupa jiwe alilolipata kwenye maharage. "Hicho kikomo chako kinaua?"

"Kinazima njaa, mama. Nesi akikipata hasikii tena hamu ya kula. Hatasikia maumivu. Anakaa tu, baada ya siku kama tisa anakufa. Hakigusi chura, samaki, ng'ombe, wala mtu."

"Na mbu?"

"Mbu hakiwagusi."

"Hilo nimelielewa. Nauliza nani atakayewala."

Daktari akanitazama mimi, mimi nikayatazama maharage.

"Vyura watashuka kutoka chemchemini," akasema mwishowe. "Na kereng'ende watarudi. Misimu miwili, mitatu, watashika kazi."

"Mwanangu amebakiza miezi miwili."

"Tutaleta neti."

"Mbu wa siku hizi wanauma saa nne asubuhi. Utamfunika saa nne asubuhi?"

Kutoka dirishani Navoneiwa akasema, "Anti Nietiwe, chura analiaje?"

Tukageuka wote. Kumbe alikuwa akisikiliza muda wote. Na ndipo nikakumbuka kwamba huyu, mtu mzima na ujauzito wake, hajawahi kusikia chura. Nilikuwa sijalifikiria hilo hata siku moja.

Nikajaribu. Wa chemchemi hulia kama mtu anayegonga kijiko kwenye glasi, haraka haraka, kwa hiyo nikapiga ulimi kwenye kaakaa, ti-ti-ti-ti. Kisha nikamwigiza yule mkubwa wa ndiva, aliyekwisha siku nyingi, kwa sauti ya tumboni. Eliwaza akaanza kucheka hadi ungo ukamponyoka.

"Mwe! Huyo ni baba yangu akikoroma!"

Tulicheka, hata Daktari. Navoneiwa alicheka huku ameshika tumbo kwa mikono miwili, kwa woga. Alipotulia akasema, "Mimi nataka mtoto wangu. Vyura msiniulize, na mahindi ya Isenye msiniulize. Nimechoka kuulizwa mambo. Nataka mtoto."

"Umesikia," Eliwaza akamwambia Daktari, kwa upole kabisa. "Kizibo sikivuti."

*

Kesho yake asubuhi nilimfuata Eliwaza ndivani. Alikuwa amesimama kwenye maji yanayofika magotini, ameshika reki, anavuta ukoga peke yake na kuurundika ukingoni. Daktari niliyemwacha kwenye jiwe la mbali alikuwa amekaa na chupa yake mapajani. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kikomo.

Nikavua buti, nikaingia. Tulivuta ukoga pamoja. Manesi walikuwa wakipita kati ya miguu yetu, watano, sita, wanagusa vifundo vya miguu kwa pua zao laini.

"Wifi," nikasema, "nina neno la kukwambia. Nimelibeba miaka kumi na moja."

"Liseme basi, unaninyima pumzi."

"Wataalamu walipiga hesabu. Walisema nesi hawezi kuvuka mashamba makavu, na maji ya mifereji yanakimbia mno, kwa hiyo kutoka ndiva hii kufika ya pili itawachukua miaka mia mbili. Ilichukua miaka kumi na moja kufika zote kumi na tisa. Kwenye ripoti niliandika mafuriko." Nikasimama, maana mgongo ulikuwa unauma na maneno nayo yalikuwa yanauma. "Hayakuwa mafuriko. Ni udongo."

Kwetu huku, ndiva yoyote ya chini ikivuja, haizibwi kwa udongo wa kwake. Inaletewa mfinyanzi kutoka ndiva ya juu, kwa kuwa hiyo ndiyo mama yao. Siku ya msaragambo wanawake tunapanga mstari na karai kichwani, tunaimba tunashuka. Mimi nilikuwa mstarini kila mwaka. Mimi niliyesaini karatasi ya kutohamisha tope, ndimi niliyebeba tope, na mayai ndani yake, na sikuwaza. Nilipokuja kuwaza nilikuwa nimeshabeba miaka yote hiyo. Ningemwambiaje mama mkwe kwamba udongo wa ndiva mama umekuwa mwiko?

"Kwa hiyo ni mimi," nikasema. "Vyura, mifereji, mahindi ya Isenye. Ni karai langu."

Eliwaza alikuwa ameegemea reki ananitazama. Uso wake ulikuwa unahangaika, nikadhani atalia. Kumbe anazuia kicheko, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

"Karai lako," akasema. "Jamani, wifi. Miaka kumi na moja unalala na karai." Akapangusa pua kwa kiganja. "Karai lako labda lilipeleka mayai mawili. Mimi nilipeleka kwa ndoo."

"Ndoo gani?"

"Ndoo ya maziwa, ile ya bluu. Mama akija hapa, mwanawe ana homa, anaiona ndiva yetu haina mbu, ananiomba. Wa Isenye alikuja amembeba mtoto mgongoni, mtoto anatetemeka hadi mama mwenyewe anatetemeka. Ningemwambia nini? Kwamba hawa ni wangu, mimi nimeshalipia kwa wawili? Nilimjazia ndoo, nikamsindikiza. Kisha akaja wa Kirweni. Kisha nikawa siwasubiri waje, nasikia tu kuna msiba wa mtoto, naenda. Ndiva kumi na nane, wifi. Nilizimaliza zote."

Nilikaa chini, ndani ya maji, na nguo zangu zote. Sikuwa na hasira. Nilitaka kuwa nayo, nikaitafuta, sikuipata. Kama ni kosa, mwanamke gani mwenye akili asingelifanya?

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeandika kwenye ripoti."

Daktari kule kwenye jiwe alikuwa ameangalia saa mara ya tatu.

Sijui ni maji baridi au ni nini, kichwa changu kilianza kufanya kazi ambayo nilidhani kimestaafu. Nikahesabu kwa vidole. "Yai la mbu, kutoka kutagwa hadi kuruka, ni siku saba hapa kwetu, nane kukiwa na baridi."

"Basi?"

"Basi maji yakichujwa kila siku ya sita, yote, hakuna atakayeruka. Kwako hapa penye Navoneiwa nimeona sehemu kumi na moja zenye maji. Ndiva, mifereji miwili, hori la ng'ombe, mapipa, nyayo za ng'ombe pale matopeni, makopo. Yanachujika kwa chujio la chai."

"Mpaka ajifungue."

"Mpaka vyura warudi. Misimu mitatu. Na si kwako tu, ni kwenye ndiva zote, maana huko nako kuna watoto."

"Sisi? Ukituunganisha tuna miaka mia na ishirini na mbili!"

"Una wanawake wa ndiva kumi na nane wanaokudai ndoo," nikasema. "Au wewe ndiye unayewadai, sijui."

Nesi mmoja alimpanda Eliwaza juu ya mguu akatulia pale, na yeye hakumtikisa. Alipiga kelele kumwita Daktari, Daktari akaja mbio, na Eliwaza akamuuliza kama hesabu ya wifi yake ni kweli.

Daktari akahesabu naye kwa vidole. "Kwenye karatasi ni kweli, mama. Lakini ni watu wengi, kila siku, bila kukosa. Na siwezi kukudanganya, mbu mmoja akiponyoka, akiwa na vimelea, anatosha."

"Mmoja akiponyoka, kaponyoka." Sauti ya wifi yangu ilikwaruza. "Mbonea na Elinami niliwapoteza nimekaa, mwanangu. Nilikaa kitandani nawapepea, nimekaa tu, sina la kufanya. Naogopa, msidhani siogopi. Ila safari hii nitakuwa nimesimama. Lete hiyo chupa yako."

Daktari akamimina. Kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele, kikapotea mara moja. Tukakiacha kichanganyike kwa saa nzima. Kisha Eliwaza akashuka hadi kwenye kizibo, lile gogo la mkuyu lililolainika kwa mikono ya waliomtangulia, akalikumbatia na kulivuta. Halikutoka. Akavuta tena. Nilitaka kumsaidia, akanifokea nikae mbali, sheria ni sheria. Mara ya tatu likatoka, na maji yakaanza kushuka kuelekea Isenye.

Akaenda nyumbani kumwambia Navoneiwa. Sikuingia naye. Nilisikia binti akilia na mama akimjibu neno moja moja, muda mrefu. Kisha Eliwaza akatoka na pembe ya msaragambo, akasimama uani, akapuliza hadi mishipa ikamtoka shingoni.

*

Siku ya kwanza walikuja wanawake tisa. Siku ya pili ishirini na watatu, na wanaume wanne waliojifanya wanapita. Walikuwa na machujio ya chai, vipande vya neti, hata soksi ya nailoni iliyofungwa kwenye waya. Wa Isenye, yule wa mtoto aliyetetemeka, alikuja na huyo mtoto, sasa mtu mzima mwenye ndevu. Wengine hawakuja, na wengine walikuja kututukana kwanza ndipo wakachukua chujio. Daktari aligawa maji kwa watu na watu kwa siku, akabandika orodha kwenye mlango wa kanisa, na jina langu akaliweka kila siku, bila kuniuliza.

Siku ya tatu asubuhi mimi na Eliwaza tulikuwa ndiva ya juu. Mgongo wangu ulikuwa umekufa. Dirishani kwa Navoneiwa neti ilikuwa imeshushwa, naye yuko ndani yake anafuma kofia ya mtoto, amekasirika bado, hajasema na mama yake tangu juzi.

Karibu na ukingo, kwenye kina cha kiganja, kulikuwa na nesi. Alikuwa mzima, mashungi yanapepea. Kiluwiluwi cha mbu kikashuka kwa kujipindapinda mbele ya pua yake kabisa, kikagusa mdomo, kikapita. Nesi hakufungua kinywa. Nimewaangalia viumbe hawa miaka ishirini na miwili, na sikuwahi kuona mmoja wao akiacha kitu kipite.

Eliwaza naye alikuwa ameona. Akainama polepole, akapitisha chujio chini ya kile kiluwiluwi, akakitoa, akakipondea kwenye jiwe. Kisha akatumbukiza mkono akamgusa nesi mgongoni kwa kidole kimoja, kama unavyomgusa mtoto aliyelala.

"Asante mwanangu," akamwambia. "Zamu yako imeisha. Pumzika."

Akajipangusa uso kwa kanga, akanisukuma begani, akaniambia nianzie upande wa mashariki, maana jua likipanda tutashindwa kuviona viluwiluwi.